Asubuhi Niliyorekodi Maji

"Na siku maji yasipotoka, hiyo sanaa yako itaonyesha nini?" Mama aliniuliza akiitazama kompyuta yangu.

Mtaani kwetu Kisauni, maji ya mfereji yakitoka, jirani humwita jirani juu ya ukuta mpaka mtaa mzima ujue. Nilitaka kuugeuza mwito huo uwe nukta za mwanga zinazowashana kwenye skrini. Kulikuwa na tuzo ya kuwasaidia wasanii wa kidijitali wanaochunguza mifumo ya namna hiyo. Niliishuku, kama ninavyoshuku kila kitu, lakini bila hiyo ningeiacha sanaa nikatafute kazi ya ofisi.

Muda wa kutuma kazi ulikuwa unaisha, na mifereji mikavu. Ndipo asubuhi moja nikasikia, "Maji yatoka! Kingeni, jamani!" Mwengine akadakia, "We shoga, wangali walala?" Badala ya ndoo, nilikimbilia kinasa sauti.

Tuzo niliipata, na mpaka leo sanaa ndiyo kazi yangu. Juzi tu jirani akaniambia, huku akicheka, kwamba asubuhi ile halikutoka hata tone. Mama alikuwa amezunguka mtaa mzima akiwaomba waite.