Siku Kadi ya Salim Ilipokwenda Kazini Peke Yake

Siku yangu ya kwanza kazini, mwanzoni mwa miaka ya tisini, Mshauri Mkuu alinikataza kugusa simu. Mimi kidato cha nne nimemaliza, cheti cha taipu ninacho, viatu nimeazima kwa dada na vinanibana, halafu nakatazwa simu!

"Sasa nifanye nini, bwana?"

"Sikiliza. Nikijibu neno nisilo na hakika nalo, liandike."

Nikakaa na daftari mpaka jioni. Sikuandika hata neno moja. Nilikasirika kweli, nikaona mzee huyu anichezea. Daftari lenyewe, nililolijaza baadaye, ninalo mpaka leo, na humo ndimo ninamotoa haya, kwa kuwa nyinyi vijana mmenisumbua nieleze kazi yetu ilikuwaje.

Ofisi ilikuwa Mji wa Kale, ghorofani, juu ya duka la vitambaa. Tulikuwa watatu: Mshauri Mkuu, Karani Mkuu na mimi. Kampuni za Kilindini zilituita tuzifundishe mambo mawili. La kwanza ni kusema: likitokea balaa, nani atasema, aseme nini, na nani aambiwe kwanza. La pili ni kuendelea: ofisi ikiungua leo, kesho kazi itafanyiwa wapi, na nakala za karatasi ziko wapi. Siku hizi kazi hiyo ina majina marefu. Wakati ule watu walidhani twauza bima.

"Mwauza bima ya nini nyie?" mwenye duka la chini aliniuliza kila asubuhi.

"Ya maneno."

"Basi nikatie na mimi. Maneno yangu yaniponza kila siku."

Mwaka wa pili nikaruhusiwa kutoa wazo, na wazo langu lilikuwa la kadi. Mteja wetu mmoja alikuwa na godauni la marobota ya pamba, na vibarua wengi waliingia na kutoka. Nikasema kila kibarua akiingia amwachie askari wa geti kadi yake, akitoka aichukue. Siku ya moto, kadi itakayobaki ubaoni ndiyo itatuambia nani yuko ndani. Nililipenda wazo langu!

"Zuri," akasema Mshauri Mkuu. "Lakini kadi haina uso, mwanangu."

"Ina jina. Jina latosha."

Akarudia karatasi zake. Nikadhani nimeshinda.

Moto ulikuja asubuhi moja, katikati ya kazi. Tulipofika, vibarua walikuwa wamekwisha kutoka na wamerudishiwa kadi. Ubaoni ilibaki moja tu, ya Salim, wa Bondeni, ambaye kwao nilipajua. Wazima moto wakaanza kuingia moshini kumtafuta. Mshauri Mkuu akaniambia, "Kaa hapa getini. Usimtajie mtu jina lolote mpaka nirudi."

Nikakaa. Lakini watu wamejaa nje, wanaulizana, na mimi najua habari za Kilindini zafika Bondeni kabla ya mtu. Katika mpango wetu tulikuwa tumeandika kwamba jamaa wa mtu waambiwe ana kwa ana, na watu wawili, mmoja awe mzee wa mtaa, wakiwa wameketi ndani. Nimeupiga taipu mwenyewe. Lakini moyoni nilimuona mama yake Salim akipata habari kwa mpita njia, nikashindwa kusubiri. Nikatoka mbio, peke yangu.

"Hodi!"

"Karibu. Hujambo, mwanangu? Mama hajambo? Nyumbani wote wazima?"

Kila salamu ilinichoma. Nikaitikia zote, kisha nikasema hapo hapo mlangoni, "Mama, godauni limeshika moto. Salim hajaonekana."

Akanitazama. "Salim yupi?"

Nikajua mshtuko umemchanganya. Nikamshika mkono. "Salim wako, mama. Jikaze."

"Nijikaze na nini? Sasa hivi nimempa uji." Akageuka. "We Salim! Hebu toka uonekane, waambiwa umeungua!"

Salim akatoka amejifunika shuka, homa imemkausha midomo. Mama akaanza kunicheka, halafu akamuona mwanawe uso umembadilika, akamsogelea.

"Kazungu," akasema Salim. "Nilimpa Kazungu kadi yangu. Nikikosa siku, namba yangu wampa mtu mwingine."

Kazungu alikuwa rafiki yake, kijana aliyetoka Kaloleni kutafuta kibarua. Kila mmoja kwenye godauni alijua kadi zaazimwa, isipokuwa meneja na mimi niliyezibuni.

"Usiseme, dada. Tutafukuzwa sote wawili."

"Na wale wanaoingia motoni kumtafuta?"

Mama hakumpa nafasi ya kujibu. Alikwenda kumletea viatu.

Getini Mshauri Mkuu alinitazama mara moja tu, ikanitosha. Salim akaeleza yote mbele ya Meneja wa Godauni.

"Kuazimana kadi ni kufukuzwa!" meneja akafoka. "Imo kwenye kanuni!"

"Bwana Meneja," akasema Mshauri Mkuu taratibu, "huenda yumo ndani, huenda amejificha kwa kuogopa maneno hayo hayo unayoyasema. Nini unachokitaka leo, mtu au kanuni?"

Meneja akawatazama wazima moto wakijitayarisha kuingia tena. Akalegeza tai, akachukua kipaza sauti.

"Kazungu! Kama wanisikia, jitokeze. Hafukuzwi mtu, si wewe wala Salim. Twataka kukuona tu!"

Hakutokea mtu. Salim akaongezea kwa sauti iliyokwaruza, "Yakhe, njoo! Washajua!"

Nyuma ya lori lililoegeshwa nje ya geti akatokea mtu mwenye pamba kwenye nywele, mikono juu kama mwizi. Alikuwa ametoka na wenzake wa kwanza kwanza, mzima. Ila askari aliyeshika zamu ya kurudisha kadi, si yule wa asubuhi, alimjua Salim kwa sura, basi Kazungu akaiacha kadi, akajichanganya na watu. Wazima moto wakarudishwa nje, wote.

"Nilikuona ukienda mbio, dada," Kazungu akaniambia. "Nikajua waenda kwa mama. Nilitaka kukuita, lakini ungeniuliza jina."

Kesho yake makarani wa mteja, ambao ofisi yao iliungua pamoja na godauni, walifanya kazi ofisini kwetu, kwa nakala tulizowawekea kabatini. Wengine walikosa nafasi, wakaandikia dukani katikati ya majora. "Kumbe bima yenyewe ndiyo hii!" akasema mwenye duka, akawaagizia chai.

Nilitarajia kufukuzwa. Mshauri Mkuu akanipa kadi zile nizitengeneze upya. Nikatia picha, na nikaongeza kadi ya badali: kibarua akiugua, amlete mwenzake waziwazi, mwenzake apewe kadi yake mwenyewe, na namba isipotee. Meneja alinuna wiki nzima, kisha akatia sahihi. Kazungu akapata kadi yenye jina lake. Nami kadi ile ya badali nimeifundisha kampuni baada ya kampuni, nikiwa Mshauri Mdogo, hadi nikakalia kiti cha Mshauri Mkuu.

Mwezi uliopita nimestaafu. Nyinyi mna simu zinazofikisha neno kwa watu elfu kwa mara moja, na nawaonea wivu, msidhani siwaonei. Haraka yangu mnayo. Ila naona mwauliza maswali ambayo mimi sikuyauliza, na hilo lanipa raha.

Juzi nilipita Bondeni kumuaga mama yake Salim. Macho hayaoni tena, lakini sauti yangu aijua.

"Hodi, mama!"

"Lo! Leo ni nani hajaonekana?"

"Hakuna, mama. Wote wapo."

"Basi ingia uketi," akasema. "Siku ile hata hukuketi."