Maneno Kumi na Mawili Kwenye Makochi ya Mama

Mama yangu hudarizi. Alifundishwa na masista wa misheni ya Matombo alipokuwa msichana, na hadi leo nyumbani kwake hakuna kochi, meza wala redio iliyo uchi. Maua yake huwezi kuyakuta shambani, anayabuni mwenyewe, kisha pembeni anaweka fundo dogo jekundu badala ya sahihi. Vitambaa vya makochi huvitia maneno pia: "Karibu mgeni", "Mungu ni mwema". Kimoja kilikuwa kikitazamana na mlango, kimeandikwa "Umbea haulipi", na majirani walikaa palepale wakasengenya hadi chai ikaisha.

Mimi ni mwalimu wa hisabati Morogoro mjini, na nina hasira za karibu. Siku nilipokuta duka moja linauza ua la mama lililochapwa kwa mashine, niligomba hadi mwenye duka akaniletea kiti. Ushahidi sikuwa nao. Nikarudi nyumbani nimenuna, na mwisho wa wiki nikapanda Matombo kupiga picha vitambaa tisa, vile mama anavyovipenda zaidi. Mwalimu mwenzangu wa kompyuta akanielekeza namna ya kuviandikisha mtandaoni kuwa NFT, aina ya hati ya umiliki ya kidijitali. Alinionya kwamba hilo halimzuii mtu kunakili, ila linamwonyesha yeyote anayetaka kujua ni nani aliandikisha nini, na lini. Kwangu lilitosha. Maua tisa ya mama yakakaa ndani ya simu yangu, kwenye programu ambayo wenye kazi yao huiita pochi.

Ufunguo wa pochi hiyo ni maneno kumi na mawili ya Kiingereza, kwa mpangilio wake. Simu ikiibiwa, maneno hayo yanairudisha pochi kwenye simu nyingine. Akiyapata mtu mwingine, anaweza kukomba kila kilichomo, na hakuna meneja wa kumlilia. Somo hilo nililishika sawasawa. Kuna mtu alinitumia ujumbe, akanisalimia shikamoo kwa adabu zote, akajitambulisha kuwa ni wa huduma kwa wateja, kisha akaomba maneno yangu ili "ayahakiki". Niliitikia marahaba, nikamfungia. Ofisi ya walimu nzima ilinisikia nikijisifu wiki ile.

Maneno yangu niliyaandika kwa kalamu kwenye karatasi mbili. Moja nilibaki nayo, ya pili nikampelekea mama, kwa sababu maua ni yake, na kwetu Uluguru ukoo hufuata upande wa mama. Siku moja yatakuwa yangu, kisha ya binti yangu. Nikampa masharti. Asimwambie mtu. Asiyapige picha. Asiyaandike kwenye simu. Na ahakikishe hayaharibiki. Akataka nimsomee maana yake kwanza, hawezi kutunza kitu asichokijua. Ngazi, mbuzi, dirisha, akawa anaitikia kama anayetajiwa majina ya wakwe wapya. La mwisho lilikuwa mdalasini, akacheka sana, maana ana miti mitatu ya mdalasini nyuma ya jiko.

Miezi ikapita. Mtoto wa dada yangu akapata kipaimara kule Matombo, mimi nikashindwa kwenda kwa sababu ya homa. Jumapili mchana picha zikaanza kumiminika kwenye kundi la familia. Mjomba alikuwa amekaa sebuleni kwa mama, soda mkononi, anatabasamu. Nyuma ya bega lake, kwenye kochi jingine, kwa uzi wa kijani, palikuwa na neno la Kiingereza. Nikaikuza picha. Ngazi. Chini yake, mbuzi. Nikahesabu maneno tisa kwenye vitambaa vitatu, kwa mpangilio wake. Cha nne kilizibwa na mgongo wa mjomba, ambao Mungu aliuumba mpana.

Nikampigia mama. Nikamuuliza yale maneno ameyaweka wapi.

"Kwenye makochi," akasema. "Karatasi ilianza kuota ukungu, unaijua hali ya huku. Uzi unafuliwa, unaanikwa."

"Mama, nilikwambia ni siri."

"Ulisema nisimwambie mtu. Nimemwambia nani? Ulisema nisiyapige picha. Simu yangu haina hata kamera."

Kweli kikulacho ki nguoni mwako, na changu kilikuwa kimedariziwa vizuri, kimepigwa pasi. Nilimfukuza tapeli wa kwenye simu, kumbe mama yangu mzazi anawakaribisha wageni wayaegemee maneno yenyewe.

Niliogopa kweli. Picha zile zilikuwa kwenye simu za ndugu, na ndugu wana marafiki. Kubadili namba ya siri kusingesaidia, maana hiyo hufunga simu yangu tu. Mwenye maneno haihitaji simu yangu. Dawa ilikuwa moja, kufungua pochi mpya yenye maneno mapya, kisha kuyahamisha maua yote kabla hajatokea mwerevu. Nikayaandika maneno mapya kwa kalamu, nikayasoma mara mbili kuyalinganisha na ya kwenye kioo. Nikatuma ua moja kwanza, lile ninalolipenda kidogo kuliko yote, mama anisamehe. Lilipofika ndipo nikaanza kutuma mengine, kila safari nikiikagua anwani herufi kwa herufi, mwanzo hadi mwisho, kwa ukali uleule ninaosahihishia madaftari.

Maua manane yakafika. La tisa ni la kitambaa alichokidarizi akiwa na mimba yangu. Nililiacha la mwisho kwa uoga, kosa la kijinga, kwa sababu ndilo nililopaswa kuliokoa mapema. Likakwama. Mvua ilikuwa imeshuka kutoka milimani, mtandao umekuwa mzito, na simu ikawa inaniambia nisubiri. Nikaiweka mezani, nikakunja mikono, nikaisema kwa sauti kama mwanafunzi mtoro. Chai ilipoa. Nilipoitazama simu tena, ua lilikuwa limefika. Nikalia, kwa furaha na kwa homa pia.

Jumamosi iliyofuata nikapanda Matombo na karatasi mpya, nimeifunga kwenye nailoni na kuitia ndani ya kopo la maziwa lenye mfuniko. Mama akanipokea kwa chai ya mdalasini na ndizi za kuchoma. Nikamweleza kwamba yale ya makochini yamekufa, hayafungui kitu. Akafurahi. Wageni wanayapenda, akasema, kwa hiyo havifumui vitambaa vyake.

Nikakaa kwenye kochi la mjomba, nikageuka kukitazama kile kitambaa cha nne. Kilikuwa na maneno mawili, halafu ua. Nikahesabu upya yote. Kumi na moja.

"La kumi na mbili liko wapi?"

Mama akanitazama kwa huruma, nadhani kwa ajili ya wanafunzi wangu. "Kwani siri hutolewa yote?"

Akanipeleka chumbani. Kwenye foronya yake nyeupe, kwa uzi mweupe ambao usingeuona bila kuinama, alikuwa amedarizi mdalasini, kwa Kiingereza, herufi ndogondogo, na fundo jekundu pembeni.

"Hayo mengine wageni wayaegemee," akasema. "Hili nalilalia mimi."

Mtu mwenye kumi na moja anaweza kulitafuta la kumi na mbili kwa kompyuta akalipata, kwa hiyo kuhama bado kulikuwa sahihi. Hilo sikumwambia. Nilikuwa nimesimama pale na furaha ambayo sikujua niiweke wapi.

Nikampa kopo. Akalifungua, akaitazama karatasi ndani ya nailoni yake, akalifunga na kulisukuma chini ya kitanda. Kisha akakaa, akaishika foronya magotini.

"La mwisho safari hii ni lipi?"

Nikainama nikamtajia hilo moja tu, sikioni.