Simba ya Wekesa Haikuwa Kibomet

Mimi hakuna kitu kinaweza kunishangaza. Shule niliacha darasa la nne, nikauza mahindi ya kuchoma pale stendi ya Kiminini, na leo nina lori mbili na ploti Kibomet, bila kusaidiwa na mtu. Hivyo ndivyo nilivyozoea kusema, mwanangu, mpaka watoto wawili wakaninyamazisha.

Nakumbuka siku moja, mwaka wa pili tangu nimwoe Nasimiyu. Yeye alikuwa mjane wa Tongaren, na mimi mke wangu alikuwa ametangulia. Alikuja na kijana wake Wekesa, miaka kumi na saba, ametoka jandoni tayari. Mimi nilikuwa na binti yangu Nafula, wa kumi na tano. Nikaona lazima huyu kijana ajue amepata baba. Nikamjengea simba, nyumba yake ya ujana, nyuma ya yangu: matofali, rangi, stima, hata televisheni. Majirani wakaja kuangalia, na sikuwazuia. Jumapili baada ya kanisa nikampa ufunguo mbele yao.

Akaupokea kwa mikono miwili, akashukuru, akauweka mezani. Akaendelea kulala sebuleni kwa kochi.

Wiki nzima nikavumilia. Halafu nikamwambia achague, simba yangu au barabara. Mama yake akaacha kula. Asubuhi kijana akatoka na begi, hana hasira, akasimama mbele yangu.

“Mzee, sijadharau mkono wako. Lakini simba hujengwa kwa baba. Nikiweka yangu hapa, kule Tongaren ni kama baba hakuzaa.”

Kabla sijamjibu, Nafula akaja akalishika lile begi.

“Baba, ungekufa wewe, nilelewe kwingine, ungetaka nikusahau kwa sababu ya televisheni?”

Nilikaa chini, bana. Hawa juzi tu walikuwa wakigombania rimoti. Na mimi, kwa umri wa Wekesa, nilitoroka kwa baba yangu wa kambo bila kuaga, nisirudi mpaka akazikwa. Huyu alikuja kuniaga uso kwa uso.

Tukaenda Tongaren wote wanne, kumjengea simba kwa baba yake. Baba mdogo wa Wekesa akachimbia nguzo ya kwanza, mimi nikavua viatu nikakanyaga udongo wa kuta na vijana. Tuliporudi, Wekesa akachukua ule ufunguo mwenyewe. Chumba cha Kibomet analala, ila simba yake iko kwao.

Kwa hivyo mwanangu, ukihamia kwa mzazi mpya, usimfukie wako wa kwanza ndio upendwe. Sema kinachokuuma, useme kwa heshima. Na wewe uliyekutwa nyumbani, mshikie mwenzako begi. Mungu akupe watu wa kukungojea pande zote mbili, na miguu ya kuwafikia.

Na ile simba ya Tongaren nililipa mimi mabati, misumari, mlango na chai ya mafundi: shilingi elfu kumi na tisa, mia sita na hamsini.