Mashua Inapanda Mto

Swali lenyewe lilikuwa fupi, mistari miwili tu ubaoni. Mashua inapanda mto kwa saa tatu, halafu inashuka umbali uleule kwa saa mbili. Katika maji yaliyotulia mashua hiyo huenda kilomita kumi kwa saa. Maji ya mto yanakwenda kwa mwendo gani?

Nilikuwa nimeshavuka miaka arobaini, nimekaa kwenye dawati la chuo pale Garsen, shati limegandana na mgongo kwa jasho. Kwa mara ya kwanza tangu nianze aljebra niliona swali lililonihusu. Mpaka siku hiyo eksi ilikuwa imenichosha. Leo eksi ni saba, kesho ni nusu, keshokutwa ni hasi nne, na kila mara mwalimu anaiandika kwa utulivu kana kwamba ni mtu mmoja tunayemfahamu sote. Alisema kila kitu kinachovuka alama ya sawasawa lazima kibadili alama yake. Mimi nilikuwa nikibadili pasipotakiwa na kusahau panapotakiwa. Nikifungua mabano, lazima kitu kinidondoke njiani.

Lakini mto! Mimi nimezaliwa kijiji cha Hewani, kando ya mto. Kabla sijajua kuandika jina langu nilikuwa nimekaa mbele ya mtumbwi wa baba, tukipanda kwenda shambani, yeye nyuma anasukuma kwa pondo, ule mti mrefu wa kuchomeka chini ya maji, matete yakinigusa bega. Nikainamia karatasi na kuandika kwa furaha. Nilipomaliza kuandika, swali halikumalizika. Nililigeuza huku na huku, likagoma.

Niseme kwanza nilifikaje kwenye dawati lile. Baada ya kidato cha nne sikukaa. Mama alisema nina kiguu na njia, na alisema kweli. Nilichota chumvi kaskazini ya Malindi, nikakata katani Voi, nikapakia magunia Isiolo, nikalinda mageti ya watu Mombasa. Kila mahali nikifika mwaka wa pili, nyayo zilianza kuniwasha. Na kila mahali, kabla ya kulala, nilirudi kichwani kwenye ule mtumbwi. Sijui mtu anawezaje kukimbia nyumbani na kupatamani kwa wakati mmoja, ila ndivyo nilivyoishi.

Nilirudi kwa sababu macho ya mama yalikuwa yanafifia. Chuoni palikuwa na kozi ya mashine za kusukuma maji, na vijiji vya kando ya mto vinahitaji watu wa kazi hiyo. Nilijua kazi hiyo ingenishika. Lakini ili uingie kwenye kozi, lazima kwanza upite hesabu za mwanzo. Muhula wa kwanza nilianguka. Nikianguka tena nafasi yangu inapewa mwingine, nami naijua miguu yangu: bila kitu cha kunishika, ningekuwa ndani ya basi kabla ya mvua kunyesha. Mama naye alijua. Kila nikitoka kwenda darasani aliuliza kama nimebeba begi dogo au kubwa.

Mwalimu wetu alikuwa kijana ambaye ningeweza kumzaa, mpole, mtu wa bara. Aliinamia karatasi yangu kwa muda mrefu.

"Mzee, hii wai imetoka wapi? Swali lina eksi peke yake."

"Wai ni maji ya kando, mwalimu. Eksi ni ya katikati."

"Kando ya nini?"

"Ya mto. Hakuna anayepanda mto katikati. Unapandia kando, maji yamelala. Wakati wa kushuka ndiyo unaingia katikati yakubebe. Kwa hiyo maji ya kupanda si maji ya kushuka."

Darasa likacheka. Kutoka nyuma mtu akasema, "Buda ameleta jografia!"

Mwalimu hakucheka. "Sasa una vitu viwili usivyovijua na mlinganyo mmoja. Huo hata mimi siwezi kuufumbua."

"Ndivyo mto ulivyo, mwalimu."

"Mzee, sikukuuliza mto. Chukulia maji yanakwenda sawa kila mahali."

Chukulia. Neno hilo lilinikera kuliko eksi yenyewe. Chukulia bomba halivuji. Chukulia wafanyakazi wote wana nguvu sawa. Nimefanya kazi na watu wa kila namna, sijawahi kuona wawili wenye nguvu sawa. Wengine darasani walichukulia tu na kuendelea, wakapata mbili, wakafunga daftari. Mimi nilipata sufuri, na mstari mwekundu juu ya wai yangu.

Tulipotoka, msichana wa Kiorma niliyekuwa nakaa naye dawati moja alinikuta kibandani nikinywa chai kwa hasira. Kwao ni wafugaji, na yeye hesabu zilimwingia kama maji kwenye mchanga.

"Mjomba, si uandike mbili uende zako?"

"Mbili si kweli."

"Kwani umetumwa kuvuka? Ni karatasi hiyo." Akavuta kiti. "Juzi alisema mfugaji ana ng'ombe eksi, tuwatafute. Kwetu mifugo ya mtu haihesabiwi hovyo mbele za watu. Ulinisikia nikibisha?"

"Hukubisha."

"Nilitafuta ng'ombe wa watu, nikapata alama zangu, nikanyamaza. Wewe unataka kupigana na mto ambao hata haupo."

Maneno hayo yaliniuma. Jumamosi nikaamua kwenda kuuona huo mto ambao haupo. Pondo ya baba bado ilikuwapo nyumbani. Mama alikuwa ameitia chini ya kamba ya nguo ili kamba isilegee. Niliichomoa, nikashuka ukingoni, nikamwomba binamu yangu mtumbwi wake.

"Unaenda ng'ambo?" akauliza.

"Naenda juu. Mpaka shamba la zamani."

"Kwa pondo?" Aliniangalia kana kwamba nimepigwa na jua. "Kaka, siku hizi sisi tunavuka tu. Ukitaka kwenda juu, bodaboda ziko pale barabarani."

Nikapanda hivyo hivyo. Nilitafuta maji yaliyolala pale pale nilipoyaacha, kando, upande wa miti. Miti haikuwapo. Ukingo ulikuwa umemegwa na mafuriko, umebaki ukuta wa udongo mtupu, na maji yalikuwa yakipita chini yake kwa kasi kuliko katikati. Katikati ndiko kulikokuwa na fungu la mchanga. Nilichomeka pondo, haikugusa chini. Mtumbwi ukageuka ubavu, ukanionyesha nilikotoka, ukanichukua. Niliposhika nchi nilikuwa chini ya mahali nilipoanzia, na binamu yangu alikuwa akija kwa mguu, taratibu, akijitahidi asicheke.

"Umefika shamba?"

"Nyamaza."

"Mamba wamekuonea huruma, kaka. Wamesema huyu mwache, ni mgeni."

Nilirudi nyumbani na pondo begani. Mama alikuwa amesimama uani, akipapasa nguo zilizolala kwenye tope.

"Umeniangushia nguo," alisema. "Na kama ulikuwa unaondoka, si ungeaga?"

"Siondoki, mama. Nilikuwa nafanya hesabu."

"Hesabu," akasema, akaanza kuokota moja moja.

Usiku huo sikuwa na amani. Mto nilioutetea darasani ni ule niliotembea nao Voi na Isiolo, na kwa miaka yote hiyo niliuchukulia kwamba umebaki vilevile. Kulijua hilo hakukunifariji. Kulinikasirisha zaidi, maana sasa sikuwa na mto wala jibu.

Wiki zilizobaki nilisoma kwa chuki. Yule msichana alinipa maswali pale kibandani na kunigongea meza kila nilipofungua mdomo. "Chukulia, mjomba!" "Lakini..." "Chukulia!" Nilijifunza kuvusha namba na kubadili alama bila kuuliza kwa nini. Nilikosa mara nyingi. Mara nyingine nilipata jibu sahihi, nikalitazama, nikaona aibu kama mtu aliyekubali neno asiloliamini.

Siku ya mtihani nilifungua karatasi nikitafuta mashua. Nilikuwa nimejiandaa kumeza mate na kuandika kama wengine. Mashua haikuwapo. Palikuwa na ndege. Ndege inaruka kwa saa kadhaa ikipingana na upepo, inarudi kwa saa chache ikisukumwa na upepo uleule. Tafuta mwendo wa upepo.

Mimi sijawahi kupanda ndege. Huko juu sijui upepo unalala wapi wala unakimbilia wapi, na sikuwa na la kubisha. Niliandika eksi, nikafungua mabano, hakuna kilichodondoka. Jibu likatoka safi. Nilikaa nikilitazama kwa uchungu. Muhula mzima nimehangaika na kitu ninachokijua, na kile nisichokijua hata kidogo kimenichukua dakika chache.

Nilipita, kwa alama za kugusa mstari. Mwalimu alinikuta nikisoma matokeo ukutani akanipa mkono kwa mikono yake miwili.

"Umeona, mzee? Ni rahisi."

"Mwalimu, huo upepo, huko juu kwenda na kurudi ndege inapita njia moja?"

Alifumba macho. "Mzee, tafadhali. Umeshapita."

Nilifika nyumbani jua likiwa bado kali. Mama alisikia hatua zangu akauliza, kabla ya salamu, "Kubwa au dogo?"

"Sina begi, mama. Nimepita."

Alinionyesha kwa kidevu pondo iliyokuwa bado imeegemea ukuta tangu Jumamosi ile, na kamba iliyolegea karibu kugusa chini.

"Basi irudishe," alisema. "Na usije ukaichomoa tena."

Nikaichomeka chini ya kamba, nikaisukuma mpaka nguo zikapanda.