Orodha ya Pili

Usiku ule nilikaa koridoni kwenye kiti cha plastiki, mkabala na mlango wa chumba cha mwanangu, nikijifanya nachambua mchele. Mchele wenyewe nilikuwa nimeshauchambua tangu jioni. Ndani, mashine yake ya kusomea diski ilikuwa inaguna. Inazunguka kwa kasi, inakwama, inatulia kama inayovuta pumzi, inaanza tena. Sauti ile naijua kama ninavyojua kikohozi cha mtu wa nyumbani, na kila ilipokwama nilijikuta nimeshika punje moja ya mchele sijui niipeleke wapi.

Diski iliyokuwa humo ilikuwa yangu. Mwanangu hakujua. Nilimwambia ni ya mama mshonaji, jirani yetu wa mlango wa pili.

Siku mbili kabla ya hapo daktari aliona kivuli kwenye picha ya kifua changu, upande wa kushoto, kadogo kama mbegu ya papai. Akaniuliza kama nimewahi kupigwa picha ya kifua zamani. Nikasema ndiyo, miaka saba imepita.

"Ilete," akasema. "Kama kilikuwepo wakati ule na hakijakua, tunakiacha kilivyo. Kama hakikuwepo, tunapasua, hatusubiri."

Miadi ya kuipeleka ilikuwa asubuhi itakayofuata usiku ule wa mchele. Diski niliikuta chini ya kanga kwenye sanduku langu, ina mikwaruzo kama imesuguliwa kwa mchanga, na kompyuta ya kliniki iliikataa kabisa. Mtu pekee ninayemjua anayeweza kusoma kitu kilichoharibika namna ile analala chumba kinachofuata changu.

Ana miaka thelathini na sita. Majirani wanamwita Profesa, kwa sababu ya miwani na kwa sababu salamu yake inakufikia ukiwa umeshampita. Maofisi na mashule wanamletea diski za zamani kwa maboksi. Miaka ile walihifadhi kila kitu humo wakidhani mambo yamekwisha, na sasa kompyuta zao mpya hazina hata tundu la kuziingizia. Yeye hachukui faili moja moja. Anainakili diski nzima, mwanzo hadi mwisho, pamoja na sehemu zake tupu, inakuwa faili moja kubwa kwenye kompyuta. Anaiita taswira ya diski. Baada ya hapo diski inapumzika na yeye anahangaika na taswira. Kuisoma anaandika programu fupi, nayo inatumia kitu anachokiita maktaba, yaani kazi ambayo watu wengine wameshaiandika na kuitoa, wewe unaiagiza tu. Maktaba hiyo inajua mahali orodha ya yaliyomo inapokaa. Inaisoma, kisha inalifuata kila faili pale orodha inaposema lipo.

"Ni kama kitabu, mama. Unaangalia kwanza ukurasa wa yaliyomo." Mimi niliishia darasa la saba, lakini hilo nililielewa.

Na ana sharti lake moja. Hafungui vitu vya watu. Anaona majina kwenye orodha, anatoa mafaili, anayaweka kwenye flashi, anamkabidhi mwenyewe. Picha hatazami, barua hasomi.

"Hata iwe ya harusi?" nilimuuliza siku moja.

"Hata iwe yako. Mwenyewe aniruhusu kwanza."

Sharti hilo ndilo nililolitegemea. Nilichukua pamba na spiriti nikafuta jina langu lililoandikwa juu ya diski kwa kalamu nyeusi, nikahakikisha halionekani hata ukiigeuza kwenye mwanga. Nikaona nimemaliza.

Sababu ya kumficha ni hii. Baba yake alipougua, mwanangu alikuwa na kazi nzuri mji mwingine. Akaja kwa wiki mbili kunisaidia. Wiki mbili hizo sasa zina miaka tisa. Baba yake alifariki mwaka ule ule, yeye akabaki, sijui kwa ajili yangu au kwa sababu mtu akikaa sana mahali miguu inazoea. Msichana aliyekuwa amuoe alingoja, halafu simu zikapungua, halafu zikakoma. Hajawahi kulizungumza. Anakula chumbani, na mlango wa chumba hicho fremu yake imepinda, ukiuacha tu unajifunga wenyewe. Hakuna aliyeurekebisha. Nimeshakula mbele ya mlango ule mara nyingi kuliko mbele ya uso wake.

Sasa imekuja barua. Ofisi kubwa ya kumbukumbu, mbali na hapa, inamtaka akafanye kazi hii hii, ila pamoja na wenzake, chumba kimoja. Ajibu kabla ya Ijumaa. Barua iko juu ya friji, nimeisoma mara nne akiwa anaoga. Nikasema moyoni, safari hii kifua changu hakitamzuia mtu.

Nilipokwenda kumweleza mama mshonaji, alisimamisha cherehani.

"Kwa hiyo umenipa ugonjwa bila hata kunipima?"

"Ni wa kuazima tu, shoga yangu."

"Basi uyarudishe mapafu yangu yakiwa mazima." Akakata uzi kwa meno. "Mwambie mtoto."

"Mtoto ana mvi."

"Ndiyo maana nakwambia umwambie."

Nikageuka nikarudi kwangu.

Yapata saa nne mashine ilinyamaza. Nikasikia anaandika, anasimama, anaandika tena. Kisha sauti yake ikaja kupitia mlangoni.

"Mama, bado hujalala?"

"Nachambua mchele."

"Mchele huo una mawe ya kujengea nyumba?" Akakohoa kidogo. "Mwambie shoga yako amekosea diski. Alisema kifua, humu hamna kifua. Kuna folda moja tu, imeandikwa Goti. Baada ya hapo pana sehemu ndefu haisomeki, naona mikwaruzo imeila. Nitamrudishia kesho."

Nilibaki na ungo mapajani.

Goti nililijua. Niliteleza kwenye ngazi za shule nilipokuwa mfagizi, likavimba, nikapelekwa kupigwa picha. Siku kumi na mbili baadaye kikohozi kikanibana, nikarudi pale pale kupigwa ya kifua. Yule bwana wa eksirei akaniuliza, "Mama, ile diski unayo? Ilete, nafasi ipo, kwa nini tuharibu nyingine?" Akaziongeza picha za kifua humo humo. Nakumbuka aliniambia nisipumue, nikakaa bila kupumua hadi akasahau kuniruhusu.

Hayo hakuna ajuaye ila mwenye diski. Nikinyamaza, kesho naenda kwa daktari mikono mitupu, na wananipasua kwa kitu ambacho pengine nimetembea nacho miaka saba. Nikisema, nimejitaja. Nilitazama mwanga uliokuwa ukipita chini ya mlango. Kivuli cha miguu yake kilikuwa pale, kimesimama, halafu kikaondoka. Nikajua anakwenda kuitoa diski na kuzima.

"Cha kifua kiliongezwa baadaye," nikasema.

"Nini?"

"Diski ile ile. Walianza na goti, wakaongeza kifua siku nyingine."

"Siku gani nyingine?"

"Baada ya siku kumi na mbili. Yule wa eksirei alisema nafasi ipo."

Kiti chake kikalia, kile kilio cha mtu anayekaa upya.

"Basi ndiyo hivyo," akasema polepole, kama anaongea na kompyuta. "Ukiongeza, orodha ya zamani haifutwi. Inaandikwa nyingine mpya huko mbele, na kati ya hizo mbili panaachwa pengo. Maktaba imeenda mwanzoni, imekuta orodha ya siku ya kwanza, imeridhika. Na mimi nikaridhika nayo. Lile pengo si mikwaruzo." Vidole vikaanza kugonga. "Naiambia ianzie baada ya pengo."

Alikosea mara ya kwanza, nilimsikia akisonya. Akahesabu kwa sauti ya chini. Akakosea tena. Nilisimama, nikakaa, nikamwaga mchele kidogo sakafuni nikauokota punje kwa punje, maana mikono ilitaka kazi.

"Ipo," akasema. "Orodha ya pili. Goti, na chini yake Kifua. Picha mbili."

"Haya. Ziweke kwenye flashi nimpelekee."

Nilidhani anaziweka. Katika hali ya kawaida hiyo ingekuwa ndiyo mwisho. Angenipa flashi kwa mkono mmoja kupitia mlango uliofunguliwa kidogo, nami ningelala na siri yangu.

"Siku kumi na mbili," akasema. "Mama mshonaji hakumbuki hata mwaka aliozaliwa mwanawe."

Nikauinamia mchele.

"Mama."

"Naam."

"Naomba ruhusa ya mwenye diski nifungue picha."

Alisema kwa heshima, kama anavyowaambia wateja wake kwenye simu. Nadhani ningeweza kusema subiri nimuulize kesho. Angekubali, nina hakika. Angeendelea kunipa nafasi ya kudanganya hadi nichoke mwenyewe. Miaka tisa tumeishi hivyo, kila mtu akimwachia mwenzake nafasi, hadi nafasi yenyewe ikawa kubwa kuliko nyumba.

"Mwenyewe ameruhusu," nikasema.

Nikasikia kitufe kikigongwa mara mbili. Friji ilinguruma jikoni, ikazima. Kivuli cha miguu kikarudi chini ya mlango, kikasimama muda mrefu. Nami nikasimama, ungo mkononi, sijui kwa nini sikuuweka chini.

Mlango ukafunguka. Alikuwa amevua miwani.

"Jina limo ndani, mama. Umefuta la juu tu."

"Sikujua kama na ndani wanaandika."

"Wanaandika kwenye kila picha. Na umri."

"Kipo?"

"Mimi si daktari."

"Nakuuliza wewe, baba."

Alinionyesha ncha ya ukucha wa kidole chake kidogo. "Kushoto. Kipo. Kadogo hivi." Akanitazama, kisha akautazama ungo. "Hiyo picha mpya umeificha wapi?"

"Chini ya godoro."

"Ilete tuziweke pamoja."

"Ijumaa ni keshokutwa," nikasema. "Barua ile—"

"Lete picha kwanza, mama."

Nilikwenda chumbani nikainua godoro. Bahasha ilikuwa imekunjika pembe, nikainyoosha gotini, nikainyoosha tena, nikachelewa makusudi, kwa maana nilijua nikirudi mlango ule utakuwa umeshajifunga na itabidi nigonge.

Nilipotokea koridoni mwanga ulikuwa umemwagika hadi kwenye kiti changu cha plastiki. Alikuwa ameuzuia mlango kwa boksi zima la diski za wapima ardhi. Kiti chake, ambacho ni kimoja tu mle ndani, alikuwa amekigeuza kuniangalia, na yeye amesimama pembeni yake.