Aliyenishikia Gia Ndogo

Kwa muda mrefu nimekana kwamba nilimpakia mtu. Nilikana mbele ya shangazi yangu, nikakana mbele ya fundi, nikakana hata mbele ya kioo huku nikipiga mswaki. Leo nasema: nilimpakia, tena si mara moja. Alikaa kiti cha kushoto, tukaongea, na nikamwahidi jambo. Ukitaka kucheka, cheka. Mimi mwenyewe niliwahi kuandika makala nzima nikiwacheka wanaokutana na wafu barabarani, na ilisifiwa sana.

Marehemu baba aliniachia gari, jipu kuukuu. Naishi Bukoto, hapa Kampala, kwenye fleti ambako majirani wana magari madogo yanayong'aa, nami naegesha katikati yao kitu kinachofanana na kabati la jeshi. Kila Ijumaa baada ya mihadhara nilikwenda nalo kumwona shangazi Mastura, dada yake baba, juu ya kilima kupita Bombo. Sisi ni Wanubi. Babu zetu walikuja huku na bunduki za watu wengine, wakabaki. Njia ya kupanda kwa shangazi ni udongo mwekundu ambao mvua ikinyesha hugeuka sabuni.

Nivumilie kidogo nikueleze kuhusu transfa. Ni sanduku la gia lililo chini ya gari, linalogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma. Lina kijiti chake kifupi, gia ndogo, unayoiingiza ili gari lipande polepole kwa nguvu. Transfa ya jipu langu ilikuwa imechoka. Katikati ya mlima gia ndogo inaruka, inatoka yenyewe, na gari linaanza kurudi nyuma kama mbuzi aliyebadili nia. Nyumbani tulijua dawa moja tu: anayekaa kando ya dereva akibane kijiti kwa mkono mpaka mfike juu. Baba alipokuwa hai, mshikaji nilikuwa mimi. Alipoondoka, nikabaki dereva bila mshikaji.

Ijumaa moja jioni mvua ilinikuta chini ya kilima. Nilikuwa nimesimama nikilitazama tope, nikifikiria kurudi mjini, mzee mmoja akagonga dirisha. Alivaa koti refu la jeshi.

"Dada, unaenda juu?"

"Naenda, mzee, lakini gari halitaki."

"Transfa?" Akacheka. "Hii gari najua. Iko na kichwa ngumu. Mimi sina kitu ya kulipa, lakini mkono iko. We shika usukani, mimi nashika hii."

Kilikuwa Kiswahili cha kambini, kile nilichokulia nacho kabla chuo kikuu hakijanisahihisha. Ningekataaje?

Tukapanda. Aliniambia anaitwa Rajab Marjan, kwao ni Koboko, mbali kaskazini, na kwamba anatafuta namna ya kufika nyumbani. Alimwacha huko binti yake, Zamzam, akiwa bado anatambaa.

"Mzee," nikamtania, "huyo sasa si atakuwa na wajukuu?"

Hakucheka. "Ndiyo maana nasema nimechelewa."

Karibu na lango la shangazi akaomba kushuka. Nami nikasema, kama tunavyosema Kampala bila kufikiri: "Transfa hii haifiki Koboko, mzee. Nikishaikaza, nitakupeleka mwenyewe."

"Kweli, dada?"

"Kweli kabisa."

Aliposhuka nikagusa kijiti. Niamini: kikitoka mlimani kijiti kile huwa kinachoma kama mpini wa sufuria. Kilikuwa baridi. Na kiti chake kilikuwa kikavu, ilhali koti lake lilikuwa likichuruzika maji.

Unadhani nilipiga kelele? Nilijiambia kuna fizikia fulani ambayo sikuisoma, nikaingia ndani kunywa chai. Shangazi alikuwa barazani.

"Mwanangu, nani yule uliyekuja naye? Nimeona kichwa."

"Ni koti langu, shangazi. Nimelitundika kwenye kiti."

Kuanzia hapo, kila Ijumaa ya mvua alikuwepo. Yeye alishika, mimi niliendesha, na kila mara aliuliza jambo moja: "Dada, transfa bado?" Bado, mzee, nikajibu, vipuri vimeadimika. Vipuri vilikuwa tele sokoni Nakivubo, na sikuwa nimekwenda hata kuviulizia. Nilikuwa nimepata mshikaji. Haraka ya nini?

Hatimaye kilichonipeleka kwa fundi hakikuwa ahadi. Ule ubaridi wa kijiti ulianza kubaki mpaka Jumatatu, nikiwa nimeegesha chuoni juani. Nikaogopa. Nikaona nikilikaza gari, sitahitaji mtu yeyote kando yangu.

Fundi wangu wa Kawempe anaitwa Ssalongo, baba wa mapacha, na hajawahi kufungua gari bila kumtukana mwenye nalo kwanza.

"Hajati, hii gali nani alikuwa anakushikia?" akauliza akiwa chini yake.

"Hakuna mtu."

"Hakuna? Basi unatembea na malaika! Sanduku imepasuka, splingi imekufa. Hii haiwezi kupanda hata kitanda!"

Akabadilisha beringi, akaweka springi mpya na mipira mipya, kisha akafunga bamba nene la chuma chini, la kuishikilia transfa kwenye chesisi. Akaniita nijaribu kukitikisa kijiti. Kilikuwa kama kimeota mizizi.

"Nikikaza mimi, imekazika," akasema. "Nenda hata Sudan."

Ijumaa ikafika, mvua ikanyesha. Mzee alikuwa pale chini ya kilima. Lakini safari hii koti lake lilikuwa limefungwa vifungo vyote, kofia iko kichwani, na miguuni pake kulikuwa na sanduku la bati. Hakupunga mkono. Alisimama kama mtu ambaye usafiri wake umefika. Nani alimwambia? Sijui. Akainama, akalichukua sanduku lake.

Sikusimama.

Sikuwa namhitaji tena, na Jumatatu nilikuwa na mhadhara. Nikakanyaga mafuta, jipu likapanda kama linapanda ngazi, gia haikutikisika. Katika kioo cha pembeni nilimwona akinifuata hatua chache, sanduku mkononi, kisha akaliweka chini. Angenilaani, ningelala vizuri. Aliangalia tu.

Sikumwona tena. Baadaye watu waliokuwa wakichimba mfereji chini ya kilima walikuta mifupa, vifungo vya koti la jeshi na sanduku la bati lililoliwa na kutu. Wazee wakamsalia, wakamzika palepale kando ya njia, bila jina. Shangazi alinisimulia huku akimenya viazi.

"Anaitwa Rajab Marjan," nikasema. "Wa Koboko."

Akaweka kisu chini. "Na uliniambia ni koti."

Sheikh alisema aliyekwisha kuzikwa asifukuliwe. Basi wakaandika jina lake kwenye kibao, na Koboko ikabaki mbali kama ilivyokuwa.

Mpaka leo, kila Ijumaa nikifika pale nazima injini na kufungua mlango wa kushoto. Haingii mtu. Kwa hiyo nakuonya wewe uliyezoea kumwambia mtu "gari likipona nitakupeleka": usiseme hivyo kama huna nia ya kwenda. Kuna wanaofunga mizigo.

Shangazi alituma habari kwa Wanubi wenzetu huko kaskazini bila kuniambia. Simu ilinikuta nikisahihisha mitihani. Ilikuwa sauti ya bibi kizee.

"We ndiye mwenye jipu?"

"Ndimi, mama."

"Mimi Zamzam. Wanasema baba yangu alikaa ndani ya gari yako."

Hiyo ilikuwa nafasi yangu ya mwisho ya kukana.

"Alikaa, mama."

Nilisikia kuku upande wake.

"Na alikuambia anataka kuja kwetu."

"Aliniambia."

"Basi gari ilikuwa mbovu," akasema taratibu, kama mtu anayenisogezea kiti. "Si ndiyo, mwanangu?"

"Hapana, mama," nikasema. "Lilikuwa zima."