Pweza wa Chumbani kwa Mama

Pweza nilimnunua ili mama apate cha kutazama. Watu wakiniuliza hata leo huwajibu hivyo hivyo, nao hucheka, maana kwetu Malindi pweza ni wa supu na wa kupikwa kwa nazi, si wa kuwekwa chumbani. Lakini mama alikuwa amepata kiharusi kilichomchukua upande wa kulia pamoja na usemi wake, na tangu arudi kutoka hospitali alikuwa akiutazama ukuta. Ukuta mtupu, mweupe, kutwa nzima. Ilikuwa ikinitia wazimu.

Maisha yake yote mama alikuwa mchokoaji wa pweza. Maji ya bamvua yakitoka na mwamba wa Mayungu ukabaki wazi, yeye na wenzake hutembea juu yake na vyuma vyao, wakichungulia mashimoni. Kila mwanamke ana mashimo yake. Hayana alama, lakini ole wako uingize chuma chako katika shimo la mwenzio. Na shimo zuri halikai bure: bamvua hili umemtoa pweza, bamvua lijalo yumo mwingine.

Tangi la kioo nililipata kwa Mtaliano mmoja aliyekuwa akihama na kuuza vyombo vyake, likiwa na pampu yake ya hewa. Nikaliweka mkabala na kitanda cha mama, nikalijaza maji ya bahari mtungi baada ya mtungi. Kisha nikamwomba mwenzake wa mwambani, mwanamke ninayemwita mama mdogo, aniletee pweza aliye hai.

"Wa kufuga?" akaniuliza. "Wewe mwana una akili kweli?"

Alimleta hata hivyo, ndani ya ndoo iliyofunikwa. Akammimina tangini, akatazama kitandani, akaninong'oneza: "Nimemtoa shimoni kwa mamako."

Sikuipenda kauli ile. Pweza alishuka mpaka chini, akajikunja nyuma ya chungu nilichomwekea kiwe nyumba yake, akageuka rangi ya chungu. Mama naye akageuza kichwa kutoka ukutani. Nilifurahi hata nikalia.

Haukupita muda nikagundua kwamba mgeni wetu ana upendeleo. Mimi niliyemletea kaa alinirushia maji usoni. Mama akiamka, pweza hutoka chunguni, akaja kwenye kioo cha upande wa kitanda, akajibandika pale akakaa. Mimi ni mshonaji, na kila nikiyaona macho ya pweza, mboni ile iliyolala, nilifikiria tundu la kifungo. Walitazamana hivyo kwa muda mrefu, hakuna anayechoka. Siku moja nilikisogeza kitanda karibu na dirisha mama apate upepo. Nilipogeuka, pweza naye alikuwa amehamia upande wa dirisha.

"Haya, niambieni basi mnasema nini," niliwatania. Hakuna aliyenitazama.

Kisha ikaja asubuhi ile. Nilirudi kutoka sokoni nikakuta kifuniko cha tangi kimesukumwa pembeni, na sakafuni kuna mchirizi wa maji unaoelekea kitandani. Pweza alikuwa juu ya shuka, ameuzungushia mikono yake ule mkono wa mama uliopooza. Mama hakuonyesha hofu yoyote. Alikuwa ametulia kama mtu anayepakwa hina. Nilimbandua kidogo kidogo, nikamrudisha tangini, na ngozi ya mama ilibaki na viduara vyekundu mpaka kwenye kiwiko. Nikasoma Ayatul Kursi mle chumbani, na sioni haya kusema kwamba niliogopa.

Tangu siku hiyo pweza hakutoka tena. Alijifungia chunguni, akaziba mlango kwa vijiwe na makombe, akawa hali chochote. Nikimtupia kaa, mkono mmoja hutoka, ukamsukuma kaa pole pole mpaka mbali. Na mama naye akaanza. Nikimpelekea kijiko cha uji, hufunga meno na kukisukuma kwa mkono wake mzima, pole pole, vile vile. Niliona wazi kwamba wawili hawa wamepatana, na kwamba nisipofanya jambo nitamzika mama yangu.

Nikafunga kibanda changu cha ushonaji, nikatandika mkeka kati ya kitanda na tangi, nikahamia pale. Nilimbembeleza mama ale, nilimkaripia, nilimlilia. Alikubali vijiko vichache vya maji ya uji, tena akiwa nusu usingizini, basi. Saa nyingine zote alilala akielekea upande wetu. Jirani alipita akasema dera langu limekuwa pana, nikamwambia ashughulike na madera yake.

Majuma yalikwenda hivyo. Mwishowe nikamwita mama mdogo aje amchukue pweza wake, amrudishe alikomtoa. Akaja, nikamwamkia, akainama tangini muda mrefu.

"Ameatamia huyu," akasema. "Hebu tazama, mayai hayo."

Nikaona kwa mara ya kwanza: ndani ya chungu, juu, vishada vyeupe vya punje ndogo ndogo vikining'inia, na pweza akivipulizia maji.

"Wa namna hii sisi hatumgusi shimoni," akaendelea. "Akishataga, hali tena. Huyalinda mpaka watoto waanguliwe, kisha hufa. Na mamako anajua. Siku zote hizi anajua anachokitazama."

"Kwa hiyo na yeye amekata shauri kufa?" nikampandishia sauti. "Anamwiga pweza?"

"Nani kakwambia namsema mamako?" Alinishika kidevu, akanigeuza kwenye kioo cha tangi. "Wewe umekula lini?"

Nikamwambia nimekula. Akaniuliza nini. Nikataka kusema uji, nikakumbuka kuwa ule ulikuwa wa mama. Mle kiooni kulikuwa na uso wa mifupa mitupu, na nilikasirika kwa sababu sikuutambua upesi. Nikamwambia aende zake, nikaubamiza mlango.

Magharibi ikiadhiniwa, maji ya tangi yalijaa vumbi lenye macho. Watoto wa pweza, wadogo kuliko punje ya mchele, walikuwa wakielea kila mahali. Mama yao alikuwa ametoka chunguni, mweupe pepepe, amelala chini na mikono yake yote imelegea. Niligeuka kumtazama mama, nikitarajia kuyakuta macho yake tangini. Hayakuwa huko. Yalikuwa kwangu, na nikajua kwamba siku zote zile za mkekani yalikuwa kwangu. Mama alikuwa akiona pweza wawili chumbani.

Nikaenda jikoni. Kulikuwa na wali wa nazi niliompikia yeye, laini. Nikajipakulia, nikaketi ukingoni mwa kitanda chake, nikala kwa mkono. Nilikula kwa woga. Njaa yenyewe ilikuja baadaye, katikati ya sahani, ikanitoa machozi. Mama alilifuata kila tonge kwa macho, kutoka sahanini mpaka kinywani mwangu, kama alivyofanya nilipokuwa mdogo na msumbufu wa kula. Alingoja mpaka nikaramba vidole. Ndipo naye akafungua kinywa chake, alishwe.